Daftari Lipo, Mali I Wapi?

Wazee wetu walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mtoto aliyelelewa nyuma ya kaunta ya duka, awe wa Mombasa, Lamu au Malindi, amelisikia neno hilo mpaka akalichoka. Lakini majuzi nilionyeshwa mali iliyokuwa na daftari, tena daftari ambalo hapana awezaye kulifuta hata mstari mmoja, na mali yenyewe imepotea vile vile. Sikuonyeshwa hapa Pwani. Nilionyeshwa Fort Ternan, bara, kaunti ya Kericho.

Nilikwenda huko kumjulia hali shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Babu yao alitoka Mombasa kufuata kazi ya reli, akaoa huko, akazikwa huko. Shemeji ana duka si mbali na stesheni: unga, sukari, sabuni, na upande mmoja kaunta ya M-Pesa. Mji wenyewe ni mdogo. Ukiteremka kuelekea Koru na Muhoroni unaingia kwenye miwa. Hapo penyewe wengi wana kahawa na mahindi. Ukipanda kuelekea Kericho mjini, baridi inaanza na mashamba ya chai yanakupokea, yakaendelea hadi Bomet.

Jioni moja, baada ya Magharibi, akaingia kijana wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa mama mmoja mwenye shamba la chai huko juu. Shemeji akamwambia, "Huyu ni shemeji yangu, anaandika habari huko Mombasa. Hebu mwonyeshe ile kitu." Kijana akasita, kisha akatoa simu.

Hadithi yake ni fupi. Bonasi ya chai ya mama yake ilipoingia, alimwomba shilingi 80,000 azizalishe. Rafiki alikuwa amemwingiza kwenye kundi la WhatsApp, na humo akaelekezwa kwenye programu ya kuwekeza "kripto" iliyoahidi faida ya asilimia 2 kila siku. Alinunua dola za kidijitali ziitwazo USDT kwa mtu asiyemjua, akimlipa kwa M-Pesa, kisha akazituma kwenye programu ile. Wiki ya kwanza alitoa shilingi 5,000 na akaziona zimeingia kwenye simu. Wiki ya tatu alipotaka kutoa zaidi, akaambiwa alipe "ushuru" kwanza. Akakopa, akalipa. Siku ya pili yake kundi halikuwepo na programu haikufunguka.

Kisha akanionyesha daftari. Sarafu za aina hii huandikwa kwenye daftari la wazi la mtandaoni, nalo ndilo waliitalo blokcheni. Kijana alinionyesha saa na dakika USDT zake zilipotoka kwake, namba ndefu ya pochi iliyozipokea, na namba ya pochi nyingine zilikohamishiwa baadaye. Yote yameandikwa. Hakuna tarakimu iliyopotea. Kinachokosekana ni jina la mtu, mlango wa kubisha, na ofisi ya kwenda kulalamika.

Nikamuuliza, "Mwanangu, kwa nini hukuziweka tu benki?" Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii. "Mzee, chai yetu inauzwa kwenu Mombasa kwa dola. Sisi huku tunalipwa shilingi. Nilitaka na mimi nishike dola."

Dola inayopita bila kusimama

Kijana yule alidanganywa, lakini alichosema kina mantiki, na sisi watu wa Mombasa ndio wa kwanza kulijua hilo. Chai ya Kericho na Bomet hushuka kwa malori mpaka kwenye maghala ya Shimanzi na kwingineko mjini mwetu. Mnada hufanyika kila wiki chini ya chama cha wafanyabiashara wa chai cha Afrika Mashariki, chenye makao yake Nyerere Avenue. Bei hutajwa kwa dola za Marekani kwa kila kilo. Wanunuzi wakubwa ni wa Pakistan, Misri, Uingereza na nchi za Ghuba. Dola hiyo inapofika kwa mkulima mdogo imeshageuzwa shilingi, imeshakatwa gharama za kiwanda, usafiri na mkopo wa mbolea, nayo humfikia kwa mafungu mawili: malipo ya kila mwezi na bonasi ya mwaka.

Sasa tazama mwendo wa shilingi. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi kiasi cha 130, na imekaa hapo hapo. Sisi tunaonunua mchele na mafuta kutoka nje tulishukuru. Mkulima wa chai ikamgeukia: kilo ile ile, bei ile ile ya dola, shilingi chache zaidi mkononi. Oktoba 2025 wakulima wa Kericho na Bomet walipaza sauti hadharani kwa sababu bonasi yao ilikuwa ndogo mno kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Miongoni mwa sababu walizopewa ni kuimarika kwa shilingi. Kwa hiyo kijana wa Fort Ternan anaijua dola vizuri. Hajawahi kuishika, lakini anajua ikipanda au ikishuka kwao hupikwa nini.

Na mtu kama huyo akifungua simu anasikia kwamba wakubwa wote wa dunia wameshaingia kwenye kripto. Je, ni uongo? Hapana, ni kweli. Na hapo ndipo penye mtego.

Wakubwa waliingiaje?

Septemba 2017 Jamie Dimon, mkuu wa benki ya JPMorgan, aliiita Bitcoin utapeli. Mwezi uliofuata Larry Fink wa BlackRock, kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa kusimamia mali za watu, alisema Bitcoin inaonyesha tu jinsi dunia ilivyo na kiu ya kusafisha fedha haramu. Leo BlackRock yenyewe inauza Bitcoin.

Mlango ulifunguliwa tarehe 10 Januari 2024, pale mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, ilipoidhinisha kwa mpigo mifuko 11 ya Bitcoin kuuzwa kwenye masoko ya hisa. Mfuko wa aina hii hufanya kazi hivi: kampuni hununua Bitcoin zenyewe, ikazikabidhi kwa mtunzaji maalumu, kisha ikagawa umiliki wake kwa vipande vinavyouzwa sokoni kama hisa yoyote. Mnunuzi hashiki namba ya siri wala pochi. Anamwagiza dalali wake mwenye leseni, na jioni anapata stakabadhi. Mfuko wa pensheni wa walimu au wazima moto unaweza kununua bila mzee hata mmoja kujua blokcheni ni kitu gani. Hata hivyo, mwenyekiti wa SEC wa wakati huo, Gary Gensler, alieleza siku ile ile kwamba kuidhinisha mifuko si kuisifu Bitcoin yenyewe.

Julai 2025 Marekani ikaongeza sheria nyingine, GENIUS Act, ya zile ziitwazo sarafu thabiti. Hizi ni sarafu za kidijitali zinazoahidi kubaki na thamani ya dola moja daima, kama USDT aliyoinunua kijana wetu. Sheria hiyo inamtaka mwenye kutoa sarafu awe na akiba kamili, dola kwa dola, kwa fedha taslimu au hati za muda mfupi za serikali ya Marekani.

Kwa hiyo ni kweli wakubwa wameingia. Lakini angalia wameingia na nini: mtunzaji wa mali, mkaguzi wa hesabu, mwanasheria, dalali mwenye leseni na mamlaka ya kumshtakia. Wamefundishwa na machungu. Novemba 2022 soko la FTX lilifilisika kwa sababu fedha za wateja zilikuwa zimetumiwa na wenye kampuni, na mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Machi 2024. Mei mwaka huo huo wa 2022, sarafu iliyojiita thabiti, TerraUSD, ilianguka pamoja na dada yake Luna, na kiasi cha dola bilioni 40 zikayeyuka kwa siku chache. Jina la uthabiti halikuisaidia kitu.

Na Bitcoin yenyewe? Novemba 2021 ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 16,000. Aliyeweka shilingi 100,000 kule juu alibakiwa na kama robo yake. Oktoba 2025 ilipita dola 125,000, na kabla ya Novemba kwisha ilikuwa imeshashuka chini ya 85,000. Mfuko mkubwa unaoweka asilimia 1 au 2 ya mali yake humo unaweza kuyastahimili mawimbi hayo. Mama wa Kericho aliyeweka bonasi yake yote hana ubavu huo.

Basi tangazo linaposema "hata BlackRock wamo," linakuambia nusu ya habari. BlackRock wameingia kwa mlango wa mbele wenye walinzi. Kijana wa Fort Ternan aliingizwa kwa dirishani, usiku, na mtu aliyejificha uso.

Dirisha la M-Pesa

Nilimuuliza shemeji, naye ni wakala wa M-Pesa kwa miaka mingi, kama huwa anaona fedha hizi zikipita. Akacheka. "Shemeji, mimi naona mtu anatuma pesa kwa mtu. Nitajuaje ni mjomba wake au ni kripto?"

Hivyo ndivyo ilivyo. Biashara hii hapa kwetu hufanyika zaidi mtu kwa mtu. Mnunuzi hutafuta muuzaji kwenye jukwaa la mtandaoni, akamtumia shilingi kwenye namba yake ya kawaida ya simu, na jukwaa likaachilia USDT. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilitufundisha kuamini fedha tusiyoiona, na imani hiyo ilistahili: fedha za wateja zimewekwa kwenye akaunti za amana katika mabenki, na ukikosea namba una pa kupiga simu. Tumeichukua imani ile ile tukaipeleka mahali ambapo hapana wa kupigiwa. Mwaka 2021 kampuni ya utafiti ya Chainalysis iliiweka Kenya nafasi ya 5 duniani kwa matumizi ya kripto, na nafasi ya kwanza kwa biashara hii ya mtu kwa mtu. Tulishangilia. Labda tungejiuliza kwanza kwa nini wetu wanapitia njia hiyo kuliko nyingine.

Linganisha na benki. Ukiweka fedha benki Kenya na benki ikaanguka, shirika la bima ya amana linakulipa hadi shilingi 500,000. Kiwango hicho kilikuwa 100,000 mpaka mwaka 2020. Kwa pochi ya kripto, kiwango cha bima hiyo ni sufuri.

Serikali ilianza na ushuru

Na serikali yetu ilikuwa wapi? Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo kwamba Bitcoin si fedha halali na kwamba hakuna atakayemlinda anayeinunua. Onyo lilikuwa la kweli, lakini baada ya hapo miaka ikapita watu wakiendelea. Agosti 2023 tuliona foleni za vijana pale KICC, Nairobi, wakipigwa picha ya mboni za macho na Worldcoin ili wapewe sarafu za thamani ya kiasi cha shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo za miili ya watu zifutwe.

Mwezi uliofuata foleni zile, tarehe 1 Septemba 2023, ilianza kazi kodi ya mali za kidijitali ya asilimia 3. Kodi hiyo ilitozwa juu ya thamani yote ya mali iliyouzwa, si juu ya faida. Ukiuza kwa hasara, asilimia 3 inadaiwa vile vile. Sheria ya Fedha ya 2025 iliifuta, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada wanazotoza watoa huduma.

Sheria ya kumlinda mteja ilikuja mwisho. Rais William Ruto alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali tarehe 15 Oktoba 2025, ikaanza kazi tarehe 4 Novemba. Inagawa usimamizi kati ya Benki Kuu, inayoangalia mambo ya malipo na sarafu thabiti, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, inayoangalia masoko ya kununulia na kuuzia. Inataka mtoa huduma awe na leseni, asajiliwe nchini, na atenganishe mali za wateja na mali zake. Ni sheria nzuri kuliko wengi walivyotarajia. Lakini hesabu tarehe: kutoka kodi mpaka ulinzi ni zaidi ya miaka miwili. Mwananchi alihesabiwa kama mlipa kodi kabla ya kuhesabiwa kama mtu wa kulindwa.

Na sheria si leseni. Novemba hiyo hiyo ya 2025, Benki Kuu na CMA walitangaza kwa pamoja kwamba walikuwa hawajampa leseni mtoa huduma yeyote chini ya sheria mpya. Matapeli hawakungoja. Kwao kule kuwepo kwa sheria tu ni tangazo la biashara: "Kripto sasa ni halali Kenya." Kijana wa Fort Ternan aliambiwa maneno hayo hayo kwenye kundi lake.

Fedha hubadilika, hasara huenda kwa nani?

Wapo watakaosema huu ni woga wa wazee, kwamba fedha hubadilika na sisi tuko nyuma. Kubadilika kwa fedha si jambo geni kwetu, watu wa Mwambao. Babu zetu walihesabu kwa riale za Maria Theresa, kisha rupia. Reli iliyopita Fort Ternan mwaka 1901 kuelekea Kisumu ilijengwa na vibarua waliolipwa rupia. Mwaka 1920 Waingereza wakaipandisha rupia kwa amri: badala ya rupia 15 kwa pauni moja, ikawa 10. Ikaletwa florini, haikudumu, na kufikia 1922 tukawa na shilingi. Mtu aliyekuwa na deni la rupia aliamka akakuta deni lake limekua kwa nusu nzima likipimwa kwa pauni, bila kukopa hata senti moja zaidi.

Fedha kugeuka, basi, hutokea, na hapana wa kuizuia. La kuuliza ni nani alijua mapema, nani aliambiwa mwisho, na hasara ilimwangukia nani. Ukiuliza hivyo kuhusu hizi sarafu thabiti unapata jibu la kushangaza. Kampuni ya Tether, inayotoa USDT, ilitangaza faida ya zaidi ya dola bilioni 13 kwa mwaka 2024. Sehemu kubwa ilitokana na hati za serikali ya Marekani zilizonunuliwa kwa dola za wateja. Mwenye USDT hapewi kitu katika faida hiyo. Yaani mkulima wa Kericho anayekimbilia USDT kwa kuogopa shilingi anaikopesha serikali ya Marekani, na riba anachukua mtu mwingine.

Hapo pana jambo la dini pia. Wanazuoni wamehitilafiana. Mwanzo wa 2018 Mufti wa Misri, Sheikh Shawki Allam, aliharamisha biashara ya Bitcoin. Novemba 2021 baraza la ulamaa la Indonesia lilisema kripto ni haramu kutumiwa kama fedha, kwa sababu ya gharari na madhara. Baraza la kisheria la mamlaka ya masoko ya Malaysia, kwa upande wake, mwaka 2020 liliruhusu kuwekeza na kuuza mali za kidijitali kwenye masoko yaliyosajiliwa. Mimi si mufti, na kila mtu na amuulize anayemwamini kwa elimu yake. Lakini ona kwamba hata walioruhusu waliruhusu pale penye usajili na uangalizi. Na ahadi ya asilimia 2 kwa siku haihitaji fatwa. Piga hesabu tu: 80,000 zikikua kwa asilimia 2 kila siku na faida ikirudishwa, mwaka ukiisha zingekuwa zaidi ya shilingi milioni 110. Kama pana biashara ya namna hiyo, mwenye nayo angekuwa na haja gani na bonasi ya mama wa Kericho?

Tufanye nini?

Kwa sisi wananchi, maswali manne yatosha kabla ya kutuma hata shilingi mia. Nani ameisajili kampuni hii, Benki Kuu au CMA? Usitosheke na picha ya cheti kwenye WhatsApp, uliza ofisi yenyewe. Pili, nani anashika mali yangu, na ikipotea nitamshtaki nani, wapi? Tatu, faida imeahidiwa kuwa ya uhakika? Kama ndiyo, funga simu. Nne, fedha hii ikipotea yote, nyumbani watakula? Bonasi ya mwaka, karo ya mtoto na akiba ya Hija si fedha za kujaribia.

Kwa serikali, orodha ya wenye leseni itakapokuwapo isikae kwenye tovuti kwa Kiingereza cha mawakili. Iwe kwa Kiswahili, na mtu wa simu ya kawaida aweze kuiuliza kwa namba fupi kama anavyouliza salio. Mawakala wa M-Pesa ni maelfu kwa maelfu, na ndio watu wa mwisho kuiona fedha ikiwa bado fedha. Wafundishwe dalili za utapeli, kisha wapewe mahali pa kuripoti panapojibu. Shemeji yangu alimshuku yule kijana siku ile anatuma. Hakuwa na wa kumwambia.

La tatu ni kubwa zaidi. Ikiwa mkulima anataka kushika dola, mpeni njia halali ya kuishika. Serikali iliwahi kuonyesha kwamba soko kubwa linaweza kushushwa mpaka kwenye simu: mwaka 2017 ilileta dhamana ya M-Akiba kwa kianzio cha shilingi 3,000. Sisi wengine tuliiepuka kwa ajili ya riba, lakini njia ilionekana inawezekana. Agosti 2025 Soko la Hisa la Nairobi likaruhusu mtu kununua hata hisa moja. Sasa kwa nini kiwanda cha chai, kinacholipwa kwa dola Mombasa, kisimpe mkulima hiari ya kuweka sehemu ya bonasi yake kwa dola, katika benki inayosimamiwa, bila kumtafuta mgeni kwenye mtandao? Huenda siku moja teknolojia hii ya blokcheni ndiyo itakayorahisisha hilo, na mkulima akaona kwenye simu yake bei ya mnada na kila makato mpaka shilingi ya mwisho. Daftari la wazi la namna hiyo wakulima wa chai wamelidai kwa miaka mingi, na hapo lingekuwa na faida kwao.

Kwani daftari peke yake halikutosha hata zamani. Duka la Mhindi, la Mwarabu au la Mswahili lilikuwa na daftari, na nyuma ya daftari palikuwa na mtu aliyejulikana jina lake, msikiti wake au hekalu lake, na nyumba yake. Hawala ilivusha fedha baharini kwa karne nyingi kwa karatasi moja, kwa sababu aliyeishika karatasi alijua pa kwenda ikiwa haikulipwa. Amana ni mtu mwenye kujibu. Masoko makubwa ya New York yalipoipokea kripto, jambo la kwanza waliloliongeza ni huyo mtu mwenye kujibu. Sisi tulioanza mapema kuliko wao tumekwenda mpaka leo bila yeye.

Siku ya kuondoka Fort Ternan nilimkuta yule kijana dukani tena. Mama yake bado hajui kwamba fedha zote zimekwenda. Anadhani zimefungwa kwa muda, maana ndivyo alivyoambiwa. Nikamwambia amweleze mwenyewe kabla hajaelezwa na mtu mwingine, kisha aende polisi na namba zote zilizo kwenye simu yake, hata kama matumaini ni madogo. Akaniuliza, "Mzee, lakini si zinaonekana hapa? Si ziko?"

Ziko, mwanangu. Zinaonekana. Sikuwa na jibu zaidi ya hilo, nami nikapanda gari.

Tukutane juma lijalo, inshallah.